Viti vya Duara

Ijumaa jioni tunakaa duara, viti vya plastiki, chuoni Kitale. Naongoza mimi, Mbukusu wa Bungoma, kwa hivyo wengine hawaniamini. Ni haki yao.

Wiki hiyo tuliongea mashamba. Dada Msabaot wa Cheptais akataja Chebyuk, mradi wa makazi Mlima Elgon ambao ugavi wake ulizaa vita vya SLDF, 2006 hadi Operesheni Okoa Maisha, Machi 2008. Babake alichukuliwa usiku, yeye akiwa na miaka mitatu. Jamaa wa Kimilili akajibu, sauti juu: mjombake alikuwa akilima Kopsiro, akarudi bila sikio.

Hapo mwongozaji hutakiwa aseme “tusikilizane”. Nilinyamaza. Chai ikapoa.

Mwishowe dada akamuuliza, polepole, “Mjomba yuko hai?”

“Yuko. Siku hizi anakaa Webuye.”

“Anasikia?”