Kwikwi ya Gari Letu

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Huenda ni kweli kwa binadamu. Lakini mgonjwa wetu nyumbani mwaka huu alikuwa gari, na gari usipoliuliza maswali, mafundi watakuambia ulikate mguu, nawe ndiwe utakayelipa.

Gari lenyewe ni lile kubwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lililoundwa Japani mwaka 2003. Baba alilinunua kwa mtu wa Voi likiwa limekwisha kuzeeka. Hubeba kabichi, nyanya na pilipili hoho kutoka Wundanyi hadi soko la Voi, na nafasi ikibaki hunibeba mimi hadi karibu na lango la shule. Si mara nyingi inabaki. Giaboksi yake ni ya otomatiki. Hakuna klachi ya kukanyaga; dereva huweka mkono wa gia kwenye D, basi, gari likajibadilishia lenyewe kutoka gia ya kwanza hadi ya nne.

Shida ni kwamba lilijibadilishia kwa chuki. Asubuhi lilikataa katakata kuingia gia ya nne, injini ikalia kama ng'ombe aliyetenganishwa na ndama wake. Ukitoa mkono kwenye P kuuleta D, unasikia "du!" chini ya miguu. Na kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ndiko kulikokuwa na kisa: injini inapandisha sauti, mwendo hauongezeki, halafu ghafla gari linashtuka hadi makreti ya nyanya yanagongana huko nyuma. Mama akasema gari lina kwikwi. Jina likashika.

Fundi wa kwanza alizunguka nalo mara moja tu, akashuka akijipangusa mikono. "Mzee, giaboksi imekwisha hii. Tafuta nyingine iliyotumika Japani. Elfu themanini na tano, na kazi yangu kando."

Baba hakujibu kitu. Mimi nilizijua hizo elfu themanini na tano. Ndani yake mlikuwa na karo ya kaka yangu aliye shule ya bweni, pesa zangu za chakula cha mchana, na mbegu za msimu. Usiku ule niliwasikia wazazi wakihesabu kwa sauti ya chini, na jina la kaka lilitajwa mara nyingi kuliko la gari.

Kesho yake nikachukua daftari la kurasa 48, nikapiga mistari. Saa ngapi, injini baridi au moto, mlimani au tambarare, gia gani, kishindo au kusita. Siku nikipanda naandika mwenyewe, siku nisipopanda namhoji Baba jioni akila. "Sasa wewe ndiwe karani wa kwikwi?" alinicheka, lakini kila swali alijibu.

Hebu nieleze kidogo jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, na mwalimu wetu wa Fizikia aniwie radhi nikiteleza njiani. Mnakumbuka kidato cha kwanza, kanuni ya Pascal? Ukikikandamiza kiowevu kilichofungiwa, shinikizo husambaa sawasawa kila upande. Giaboksi ya otomatiki inaishi kwa kanuni hiyo. Ndani mna pampu inayosukuma oili, mna vali, na mna klachi ndogondogo za sahani. Kompyuta hutazama kasi ya gari na jinsi mguu ulivyokanyaga mafuta, kisha hufungua vali kwa umeme. Oili hubana klachi hii na kuiachilia ile, na hapo gia imebadilika. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza giaboksi ya namna hii, Hydra-Matic, mwaka 1939. Wakati huo haikuwa na kompyuta, lakini oili na shinikizo ni vilevile mpaka leo. Kwa hiyo oili ikipungua au ikichakaa, klachi haibanwi sawasawa. Inateleza, halafu inashika kwa pupa.

Baina ya injini na giaboksi napo mna mfano wa mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili. La injini likizunguka, oili inalisukuma la pili. Mwendo ukitulia, klachi moja huyafunga yote mawili yazunguke pamoja ili mafuta yasipotee bure. Basi Baba siku zote aliapa kwamba gari letu lina gia tano, kwa kuwa kwenye tambarare ya kwenda Voi alihisi badiliko la tano. Kitabu cha gari kinasema nne. Ile "ya tano" ni huko kufungwa kwa mapangaboi tu. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, akasema, "Hata hivyo naihisi."

Daftari nililipeleka kwa fundi wa pili, mzee mmoja wa Mwatate anayefanyia kazi chini ya mwembe. Alilisoma lote! Akaanza na ile ya asubuhi. "Hii si ugonjwa, binti. Wundanyi kuna baridi. Gari linangoja injini ipate moto ndipo likubali gia ya nne. Limeundwa hivyo." Kisha akafungua boneti, akamwambia Baba akanyage breki na kutia D, halafu R, akaiona injini ikiruka. Mpira mmoja wa kushikilia injini ulikuwa umepasuka. "Du!" ilitoka huko, wala haikuwa giaboksi. Mpira mpya haukufika hata elfu nne.

Ikabaki ile ya gia ya pili na ya tatu. Alilipasha gari moto, akaliegesha mahali pa sawa injini ikinguruma, akapitisha mkono wa gia kwenye kila herufi akarudi P, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia. Oili hii ikiwa mpya huwa nyekundu kama sharubati. Yetu ilikuwa kama kahawa ya mazishini, inanuka kuungua, na haikufika alama. Paipu inayoipeleka kwenye rejeta ipoe ilikuwa inavuja.

Alibadilisha paipu, akamwaga oili. Zilitoka lita tatu tu. Nyingine hujificha kwenye yale mapangaboi. Hakutaka kuisukuma yote kwa mashine, akihofia taka za miaka mingi zisije zikaziba vali. Akatia aina ileile iliyoandikwa kwenye kijiti, akasema turudi baada ya wiki mbili amwage tena, na tena. Baba alimwuliza kama itapona. "Klachi iliyoungua haioti nyama, Mzee. Nitakupunguzia maumivu."

Nampenda fundi huyo kwa jibu hilo kuliko kwa kazi yake yote.

Sasa tumemwaga mara tatu. Oili imefika rangi ya chai ya rangi. Kusita kumepungua sana, ingawa hakujaisha, na Baba amejifunza kuinua mguu kidogo pale gia ya tatu inapotaka kuingia, nayo huingia bila kelele. Kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate anabonyeza kile kidude cha O/D, gia ya nne inafungwa, na gari haliruki tena baina ya tatu na nne kama mtu asiyejua aende wapi. Kuteremka anaweka 2 ili injini ishike gari. Zamani aliteremka na D na breki peke yake, mpaka zikanuka.

Gharama yote, mpira, paipu na oili, ni shilingi 19,600. Kaka alirudi bweni siku ya kufungua. Mama bado anasisitiza kwamba giaboksi ya eksi-Japani itanunuliwa tu, labda Desemba nyanya zikipata bei, na huenda yeye ndiye mwenye haki. Kila Jumamosi nachomoa kijiti, napangusa, natumbukiza tena, na naandika. Daftari la kwanza limejaa.