Sauti Ilikwenda, Nyimbo Zikabaki

Nilikuwa mwimbaji wa bendi za hoteli Dar es Salaam mpaka nilipofanyiwa upasuaji wa goita. Uvimbe uliondoka, ila mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti ukadhurika. Kwa mazoezi ya koo, kuongea kulirudi. Kuimba hakukurudi.

Mwimbaji asiyeimba halipwi. Kodi ya chumba ikalimbikizana, nikauza magauni ya jukwaani. Simu za wenzangu zilikuwa za pole, kisha zikakoma. Kilichoniuma zaidi ni kusikia watu wakisema, "Yule dada alikuwa na sauti," nami nimekaa palepale.

Mpiga kinanda wetu, mzee niliyemwita baba, hakunipa pole. Aliniuliza kama namjua mwenye wimbo niliokuwa nikifungia onyesho, "What a Diff'rence a Day Made". Nikamjibu, Dinah Washington. Akacheka. "Huyo kauimba tu, mwanangu. Mtunzi ni mama wa Kimexico."

Ndipo nikamjua María Grever, mzaliwa wa León, Guanajuato, mwaka 1885. Wimbo ule aliutunga kwa Kihispania mwaka 1934, Stanley Adams akautia maneno ya Kiingereza. Dinah Washington alipouvumisha mwaka 1959, Grever alikuwa amefariki tangu 1951. Naye aliwahi kuimba jukwaani. Alihamia New York mwaka 1916, akawa anatungia filamu za Paramount na 20th Century Fox. Katika filamu ya Bathing Beauty ya mwaka 1944, Carlos Ramírez aliimba wimbo wake "Te quiero, dijiste". Mama huyu alikula jasho lake kwa midomo ya watu wengine.

Nikaanza kunong'oneza tuni kwenye simu, mzee akizitafutia sauti za kinanda. Mtengenezaji mmoja wa tamthilia akanipa kazi: wimbo wa dakika moja na nusu, mjane anaosha vyombo, na neno "machozi" lisisikike. Alinirudishia mara kadhaa kabla ya kuupokea. Siku ya kurekodi, binti aliyeuimba alipanda pale ambapo mimi sifiki tena. Nilitoka nje nikalia, kisha nikarudi kumwelekeza mahali pa kuvuta pumzi.

Sasa kodi nalipa kwa kutunga. Kila wimbo nausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujatoka mkononi mwangu, maana nilimwimba Grever miaka yote ile bila kulijua jina lake. Koo langu bado linakwaruza, na harusini watu bado wananiomba niimbe kidogo. Nawaambia siwezi, naendelea kula pilau.

Wewe uliyepoteza kiungo kilichokuwa kikikulisha, watakuuliza kitarudi lini, na huenda jibu hulijui. Hesabu kwanza kile ambacho kisu hakikugusa. Mimi nilikuta sikio na maneno, nikaanzia hapo.