Njumu za Chama

Jumatatu, 13 Mei 2024

Shule zimefunguliwa hatimaye. Zingefunguliwa mwisho wa Aprili, mvua ikakataa. Huku mtaani Lucky Summer tumenusurika, lakini walio kando ya Mto Mathare bado wanaanika magodoro.

Jioni mpwa wangu kapitia hapa na sare yake. Kidato cha pili sasa, ananipita kimo. Katoa fomu mfukoni: idhini ya mzazi au mlezi, raga ya wachezaji saba, muhula wa pili.

"Anti, tia sahihi wewe. Baba atakataa."

"Akatae kwa nini, na yeye alicheza?"

"Si ndiyo maana."

Nimempa chai na kumrudisha na fomu yake. Mambo ya kaka na mwanawe sitaki kuyaingilia. Ila usingizi umekataa.

Jumatano, 15 Mei

Kaka alianza raga 2004, mimi nikiwa darasa la nane. Shule yake ilikuwa ya kutwa, na uwanja wake ni changarawe; ukiangushwa unaacha ngozi hapo. Halafu kwenye Prescott Cup unakutana na Upper Hill, Lenana, au Patch, yaani Nairobi School. Hizo mbili za mwisho wakoloni walizijenga kwa ajili ya watoto wao, wakaziita Duke of York na Prince of Wales, na raga ilikuwa sehemu ya malezi yao kama kanisa na kengele ya bweni. Wana nyasi hadi leo. Kaka alikuwa akirudi kutoka huko hazungumzii matokeo, anazungumzia nyasi.

Jumamosi zisizo na mechi ya shule alinichukua twende KCB Ruaraka. Tulipanda na barabara ya Baba Dogo, tukapita viwanda ambako Baba alikuwa zamu ya usiku, tukatokea Outer Ring, Allsopps, kisha kando ya Thika Road kabla haijapanuliwa, malori yakitupulizia vumbi. Tuliishangilia timu ya benki ambayo kwetu hakuna aliyekuwa na akaunti humo. Haikutusumbua. Ruaraka ni kwetu, na timu iliyo Ruaraka ni yetu.

Kaka alinifundisha sheria njiani: mpira unapaswa kurushwa nyuma, huku wewe unakimbia mbele. Nilidhani ananitania.

Jumanne, 21 Mei

Leo ni miaka mitatu tangu Benjamin Ayimba afariki. Malaria. Redio imemtaja asubuhi, nikakumbuka 17 Aprili 2016, Singapore, Kenya 30, Fiji 7. Ayimba ndiye aliyekuwa kocha. Ilikuwa mara ya kwanza Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, kutwaa taji katika msururu wa dunia. Collins Injera alifunga trai mbili kwenye fainali, na kibanda cha video hapa mtaani, ambacho kawaida ni cha Arsenal na Man U, kililipuka kana kwamba kila mtu amezaliwa Kakamega, kwa wanaraga.

Kaka hakupiga kelele. Alikaa akishika bega lake la kushoto. Mfupa wa mtulinga ulivunjika akiwa kidato cha tatu, kwenye mechi ya kirafiki, na hakukuwa na gari wala mtu wa huduma ya kwanza. Alirudi kwa matatu, mkono umefungwa kwa sweta. Mama alimpeleka hospitalini usiku huohuo. Baada ya hapo Baba alisema raga imeisha nyumbani humu, na Baba akisema kitu kimesemwa.

Mwezi wa tatu tangu avunjike, kaka alikuwa uwanjani tena. Sikuwahi kujua Mama alimwambia nini Baba.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeenda kwa Mama kumsaidia kupanga stoo, maana maji ya mvua yalipenya ukutani. Tukatoa masanduku nje. Chini ya sanduku la vyombo vya wageni nikapata madaftari yake ya chama, kuanzia 2003. Yameliwa pembeni lakini yanasomeka.

Nilikaa kwenye kreti nikayasoma kazi ikaharibika. Mama alikuwa akiuza chapati na maharagwe getini kwa viwanda Baba Dogo, na chama kilikuwa cha wanawake wa hapo getini. Kila wiki mmoja anapokea. Zamu ya Mama ikifika anaandika fedha imeenda wapi. Unga. Kodi. Karo. Halafu, Februari 2005: "viatu vya meno, Gikomba". Hizo ni njumu. Juni: "nauli ya mpira Nakuru". Kisha: "sabuni, jezi za timu yote". Nikamuuliza, timu yote?

"Shule haikuwa na wa kufua. Ulisahau? Wewe ndiye uliyekuwa unasuuza."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Au niseme nilikumbuka maji mekundu kwenye karai, na baridi ya vidole, lakini nilikuwa nimeyaweka upande wa kazi za nyumbani, si upande wa raga. Kumbe ndiyo iliyokuwa raga yangu. Kaka anasimulia trai aliyowafunga Upper Hill. Mimi na Mama tuna karai.

Nikamuuliza kuhusu ule mwezi wa bega. Akacheka. Hakumwambia Baba neno. Alibadilishana zamu na jirani wa chama, akapokea mapema, akalipa hospitali yote, akaweka risiti mezani chini ya sahani ya Baba. Baba akala, akaisoma, akanyamaza. "Mwenye kulipa ndiye mwenye kusema," Mama anasema. Nimeshangaa. Mama huyuhuyu ambaye hadi leo anaamini anayeshinda raga ni yule anayetoka uwanjani akitembea.

Watu husema familia ya fulani ilimuunga mkono. Wale ndugu watatu wa klabu ya Mwamba, Humphrey Kayange, Injera na Michael Agevi, huwa nawafikiria sana. Wavulana watatu wa raga nyumba moja! Ni sufuria ya ukubwa gani? Ni karai ngapi?

Jumapili, 2 Juni

Madrid. Shujaa walishushwa daraja mwaka jana kule London, na leo ilikuwa nafasi ya kurudi. Tumekusanyika kwa Mama: kaka, mkewe, mpwa, mimi na binti yangu, simu ya mpwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Bando ikikatika kila mtu analaumu mwenzake.

Kenya 33, Ujerumani 15. Tumerudi.

Kaka safari hii alipiga kelele. Vincent Onyala ni wa KCB, kwa hiyo kaka anamzungumzia kama mtoto wa jirani. Mpwa akaona mlango uko wazi, akaleta fomu. Kimya. Kaka akasema bega lake linajua mvua kabla ya idara ya hali ya hewa. Akasema mvulana hajui kuanguka, na anayejua kukimbia bila kujua kuanguka ni wa hospitali.

Mama akauliza, "Nani atalipa?"

Ndipo mazungumzo yakawa mazungumzo. Kinga ya meno, kaka. Njumu, mimi nusu, mke wa kaka nusu. Kadi ya bima ya matibabu ihakikiwe kabla ya mazoezi, si baada ya mfupa. Na kaka awe anampeleka kiwanjani asubuhi za Jumamosi, amfundishe kukaba kwa bega na kuweka kichwa upande salama. Akatia sahihi kwa mkono wa kulia, akilalamika.

Jezi atafua mwenyewe. Hilo nililisema mimi. Mpwa akatazama mama yake, mama yake akatazama simu.

Jumamosi, 22 Juni

Likizo fupi ya katikati ya muhula. Mji bado una harufu ya moshi wa kutoa machozi tangu maandamano ya Alhamisi. Vijana hawautaki Mswada wa Fedha. Mpwa yuko salama, nimemzuia kwa uongo na kweli.

Leo kaka aliwapeleka watoto kiwanjani. Nilifuata na maji, desturi ngumu kufa. Mpwa anaanguka vibaya bado, lakini anainuka haraka. Aliyenishangaza ni binti yangu. Yuko gredi ya sita, alikwenda kutazama, na baada ya muda mfupi alikuwa amemshika binamu yake miguu na kumlaza chini kwa ustadi ambao sijui kautoa wapi. Kaka akasimama. "Huyu," akasema, na hakumalizia.

Njiani kuelekea nyumbani binti yangu ameniuliza kama wasichana wanacheza. Nikamwambia Lionesses, timu ya wanawake ya Kenya, walikwenda Olimpiki Rio, wakaenda Tokyo. Enzi zangu hilo hakuna aliyelitaja, na mimi sikuuliza. Nilipewa chupa za maji nikashukuru kuingia bure.

Akauliza mbona basi hana njumu. Nimemwambia asubiri. Zamu yangu ya chama ni Agosti.