Kikomo Kiandikwe Kabla ya Sindano ya Kwanza

Kazi yangu ni kutunza wanyama wanaofanyiwa utafiti. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kwenye mabanda ya ng'ombe na vyumba vya sungura hapa Kenya, upande wa magonjwa yanayoenezwa na kupe, hasa ndigana kali. Watu wakilijua hilo, wengine huniuliza kama moyo hauniumi, na wengine huniuliza kama kazi hiyo ina sheria. Moyo unauma, na sheria ipo. Lakini kuna swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu wa nje, nalo ndilo linalonikosesha usingizi: ni nani anayeamua kwamba mnyama huyu ameumia vya kutosha, na anaamua wakati gani?

Kwanza nieleze kwa nini wanyama hawa wapo pale. Ndigana kali inakadiriwa kuua ng'ombe wapatao milioni moja kila mwaka mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Kwa mama mwenye ng'ombe wawili wa gredi, kifo cha mmoja ni maziwa ya nyumbani yaliyokatika na karo ya muhula mzima iliyopotea. Chanjo tuliyonayo chimbuko lake ni Muguga, nje kidogo ya Nairobi, ambako watafiti wa Afrika Mashariki waliishughulikia katika miaka ya 1960 na 1970. Haikutengenezwa kwa vimelea vilivyouawa. Ndama huchomwa vimelea hai vya aina tatu vilivyochanganywa, na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini, ili augue kidogo tu na kupata kinga. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea kwa mikono miwili, na mimi mwenyewe nimewasikia wakisema kwamba zamani walikuwa wanahesabu ndama waliopona, siku hizi wanahesabu waliozaliwa.

Chanjo hiyo haitengenezwi bila mnyama. Kimelea chake hukomaa ndani ya tezi za mate za kupe, kwa hiyo kiwanda chake ni kupe, na kupe lazima anyonye damu. Kupe wachanga huwekwa kwa ndama mgonjwa wakaubeba ugonjwa. Wakishajibadilisha kuwa wakubwa, huwekwa kwenye masikio ya sungura kwa takriban siku nne ili vimelea vikomae, kisha hutolewa na kusagwa. Sungura huyo amebandikwa mfuko wa kitambaa kwenye sikio kwa gundi na kuvishwa kola shingoni asije akajikuna. Asiyejua kazi atabandika mfuko huku amemkaba sungura, naye atapiga teke la nyuma hadi avunjike mgongo. Sungura ana mgongo mwepesi sana. Anayejua humfunga taulo mwili mzima, humfunika macho, humsubiri apumue taratibu, ndipo anapaka gundi. Kila asubuhi sikio linashikwa: likiwa la moto na limevimba shinani, kupe wanaondolewa hata kama siku hazijatimia. Sikuyasoma haya kwenye kanuni yoyote. Nilifundishwa na mzee mmoja mhudumu ambaye hakumaliza darasa la saba.

Kuna kazi nzito kuliko hiyo, nayo ni kuipima chanjo. Ndama waliochanjwa na ndama wasiochanjwa huambukizwa ugonjwa kwa makusudi, kwa sindano inayochomwa chini ya sikio. Hao wasiochanjwa, kundi linganishi, wapo ili waugue. Tukisema ukweli bila kupakapaka rangi, ndivyo ilivyo. Bila wao huwezi kujua kama waliochanjwa wamesalimika kwa chanjo au kwa sababu dozi ya ugonjwa ilikuwa dhaifu.

Ukiwahudumia ndama hao unaujua mwendo wa ugonjwa kuliko kitabu. Siku za kwanza hakuna kitu. Ndama anakula, anapiga mateke ukimshika. Kama wiki moja ikipita, tezi iliyo chini ya sikio inaanza kujaa, unaisikia kwa vidole kabla hujaiona kwa macho. Tunaichoma sindano nyembamba, tunatoa maji yake kidogo, tunayapaka kwenye kioo na kuyatia rangi ya Giemsa, na chini ya hadubini vimelea vinaonekana ndani ya chembe nyeupe za damu. Joto linapanda likapita nyuzi 39.5 na kubaki huko. Wiki ya pili ikielekea mwisho ndama anaacha majani, macho yanatoa machozi, manyoya yanasimama. Baada ya hapo mapafu yanaanza kujaa maji. Pumzi zinakuwa fupi, shingo ananyoosha mbele, na mwishoni povu jeupe linatoka puani. Ndama aliyefika kwenye povu anazama akiwa nchi kavu.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, andiko la utafiti lilisema kwamba kundi linganishi litafuatiliwa kwa siku 21, na kwamba uamuzi wa kumuua mnyama aliyezidiwa uko mikononi mwa mtafiti mkuu. Karatasini sentensi hiyo haina kasoro. Usiku mmoja, yapata saa nane, kijana wa zamu alinipigia simu: "Mzee, huyu wa kona hafiki asubuhi. Njoo umwone." Nilikwenda. Ndama alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, kila pumzi akiivuta kwa tumbo. Daktari wa mifugo wa kituo alikuwa safarini, na simu ya mtafiti mkuu haikupokelewa. Dawa ilikuwa ndani ya kabati, ufunguo tulikuwa nao, kibali hatukuwa nacho. Ndama alikufa kabla ya adhana ya alfajiri. Kijana yule alikaa naye muda wote huo, akimfuta povu kwa kitambaa.

Ninalotaka msomaji alishike ni hili: saa zile za mwisho hazikuongeza chochote kwenye utafiti. Vimelea tulikwisha kuviona kwenye kioo siku kadhaa nyuma. Homa ilikuwa kwenye chati. Uvimbe wa tezi, kushuka kwa chembe nyeupe za damu, yote yalikuwa yameandikwa, na yalitosha kabisa kuonyesha kwamba ndama yule ameugua vikali. Wapo wanaosema kwamba kifo ndicho kipimo ambacho hakuna wa kukibishia, kwa kuwa mfugaji anajali kama ng'ombe wake anakufa au anapona. Hoja hiyo naielewa, lakini siikubali. Magonjwa yaliyochunguzwa sana kama ndigana kali yana dalili zinazotabiri kifo mapema, na mtafiti anayehitaji kuona maiti ili aamini chati yake anapaswa kurudi kwenye chati. Isitoshe, ukiweka kikomo mapema una nafasi ya kumtibu. Buparvakwoni inaponya ndama aliye katika siku za kwanza za homa. Kwa aliyekwisha kujaa maji mapafuni haina msaada mkubwa.

Sheria inasemaje? Sheria yetu ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ni ya miaka ya mwanzo ya 1960, nayo inamtaka anayefanya majaribio kwa wanyama awe na leseni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka utafiti uwe na kibali cha tume ya taifa. Taasisi zinazojiheshimu zina kamati za kupitia kila andiko linalohusu wanyama. Wenzetu wa Tanzania wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kamati nyingi zinajiongoza kwa mambo matatu yaliyoandikwa na Waingereza wawili, Russell na Burch, mwaka 1959: tumia njia isiyohitaji mnyama inapowezekana, punguza idadi, na punguza mateso. Mawili ya kwanza nayaona yakisonga mbele. Zipo maabara zinazolisha kupe damu kupitia utando wa silikoni badala ya sikio la sungura, na mtakwimu mzuri anaweza kuondoa ndama kadhaa kwenye jedwali kabla hata hawajanunuliwa. La tatu ndilo linalobaki nyuma, kwa sababu linafanyika bandani, usiku, na kamati haiji usiku.

Uingereza, katika sheria yao ya mwaka 1986, iliagiza kila kituo kiwe na mtu anayetajwa kwa jina kuwa ndiye anayewajibika kwa matunzo ya kila siku. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi mwaka 2010: agizo lake linataka chombo cha ustawi wa wanyama katika kila kituo kiwe na watu wanaowatunza wanyama hao. Sisemi tuige kila kitu cha Ulaya. Nasema hili moja lina akili. Mhudumu ndiye anayejua kwamba ndama namba fulani huwa wa kwanza kwenye hori, na kwamba leo alikuwa wa mwisho. Hiyo ni taarifa ya kisayansi, na inapotea kwa sababu kwenye meza ya kamati hakuna kiti chake.

Baada ya usiku ule tulibanana na uongozi mpaka utaratibu ukabadilika. Jaribio lililofuata lilikuwa na karatasi ya alama iliyobandikwa kwenye mlango wa banda: joto, kula, kusimama, kupumua, kila kimoja na alama zake. Jumla ikifika kiwango kilichoandikwa, mhudumu wa zamu anampigia daktari wa zamu, na daktari lazima aje na atende, mtafiti mkuu awe amepatikana au hakupatikana. Povu halikuonekana tena katika jaribio lile, na matokeo yake yalikubaliwa bila shida.

Kwa hiyo nawaomba mnaokaa kwenye kamati hizi, Nairobi, Morogoro, Entebbe na kwingineko: andiko likija mezani, msiridhike na neno "tutamfuatilia mnyama kwa karibu". Ulizeni ni dalili ipi itakayosimamisha jaribio, ni nani atakayeiona saa nane za usiku, na kama mtu huyo ana ruhusa ya kufanya kitu. Ikiwa majibu hayamo kwenye karatasi, lirudisheni andiko.