Alhamisi Usiku Usinitafute

Kila nikiweka picha ya kitabu hapa, kuna mtu lazima aulize: "Na mtoto yuko na nani?" Nimewahi kuweka picha nikiwa saluni, nikisukwa masaa manne, na hakuna aliyeuliza. Saluni inaeleweka. Kufua kunaeleweka. Hata kushinda TikTok kunaeleweka, maana sote tunashinda huko. Lakini mama ameketi na riwaya na vyombo bado viko kwenye sinki? Huyo lazima kuna kitu ameacha kinaungua.

Basi wacha nijibu mara moja nipumzike. Mtoto yuko na baba yake.

Najua wengi wenu hamna watoto na mnajiuliza hii inawahusu vipi. Ngojeni, nitawafikia.

Kwanza nimalizane na wale wa "amka saa kumi usiku usome kabla dunia haijaamka." Wasee, mimi saa kumi na moja tayari niko wima. Gari la shule linafika saa kumi na mbili na robo na dereva hangoji mtu. Kabla ya hapo kuna uji, kuna soksi moja ambayo haionekani, kuna nywele, na kuna ujumbe wa mwalimu wa jana usiku kwamba leo watoto wabebe katoni tupu na vifuniko vya chupa. Wazazi wa mtaala huu mpya mnanielewa. Sasa niamke saa kumi ili nisome nikiwa nasinzia, halafu nikafanye kazi ya watu nikiwa maiti? Huo ushauri ulitolewa na mtu ambaye kuna mwingine anampikia uji.

Mahali ambapo nimepata dakika za kweli ni kwenye matatu. Asubuhi, kutoka Donholm hadi City Stadium, Barabara ya Jogoo ikishikana, unaweza kumaliza sura nzima kabla kondakta hajamaliza kurudisha chenji. Jioni usijaribu. Taa ni za disko, muziki unatikisa kiti, na kichwa kimeshafunga ofisi.

Na nasoma kitabu cha karatasi, si simu. Si kwamba nadharau simu. Ni kwamba nikifungua kitabu kwenye simu, kundi la wazazi linaanza kubishana kuhusu pesa za safari, halafu M-Pesa inanikumbusha Fuliza, na kufikia hapo mhusika mkuu ameshasahaulika. Pia, hebu tuseme ukweli wa mjini: simu dirishani inanyakuliwa. Sijawahi kuona mtu akinyakuliwa riwaya.

Vitabu ni ghali, hilo sibishani. Tangu 2013 tunalipa VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu, kana kwamba ni anasa. Kwa hivyo vyangu vingi natoa kwa wale wanaotandaza kando ya barabara tao, unainama, unapekua, unabishana bei. Na kwa sisi wa Eastlands kuna maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizofufuliwa na Book Bunk, ambazo ni matawi ya ile ya McMillan pale Barabara ya Banda. Hiyo McMillan ilifunguliwa 1931, na wakati wa mkoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Leo binti yangu anaingia tawi la Kaloleni na viatu vyenye matope na hakuna anayemfukuza. Mimi hiyo pekee inanitosha kumpeleka.

Shida yangu na kusoma, kusema kweli, ilianzia shuleni. Nilifanya KCSE 2017, kwa hivyo riwaya yetu ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Tuliichambua mpaka ikabaki mifupa. Maudhui, sifa za wahusika, mbinu za lugha, alama ishirini. Hadi leo mtu akiniambia "fafanua" natokwa na jasho. Mtihani ulipoisha nilifunga kitabu nikijua nimemalizana na vitabu.

Kisha nikajifungua. Miezi ile ya kunyonyesha usiku, macho makavu, kila mtu amelala, nikaokota Siku Njema, ya Walibora huyo huyo, nilikuwa nimeinunua kwa mia moja. Nikamfuata Kongowea akimtafuta baba yake na hakuna mtu aliyeniuliza sifa zake. Sikuwa mama wa mtu wala bibi ya mtu kwa nusu saa. Nilikuwa mtu tu, anataka kujua itakuwaje.

Hicho ndicho nilichoenda kumwomba mume wangu. Yeye Jumanne na Jumatano ana mpira. Anaenda kutazama na vijana wa mtaa, anarudi saa sita, na hakuna anayemuuliza mtoto yuko na nani. Nikamwambia sina shida na mpira. Nipe Alhamisi, saa mbili hadi saa nne usiku. Mlango wa chumba umefungwa. Hata moto ukiwaka, zima.

Wiki za kwanza zilikuwa kichekesho. "Nguo zake za kulala ziko wapi?" "Hii dawa ni vijiko vingapi?" Mtoto analia mlangoni, mimi nasoma sentensi moja mara sita. Lakini sikutoka. Siku hizi anajua nguo ziko wapi, na wana hadithi yao ya fisi ambayo mimi nikijaribu kuisimulia naambiwa naiharibu.

Shosho yake mtoto alipotutembelea aliniuliza, kwa upole kabisa, "Unasomea mtihani gani?" Nikamwambia hakuna mtihani, mama. Akatikisa kichwa. Amelea watoto saba bila Alhamisi hata moja, na sidhani kama nina neno la kumwambia hapo. Hajakubali, na Alhamisi inaendelea.

Najua pia kwamba mimi nina wa kumwachia mtoto. Rafiki yangu analea peke yake na ana kibanda cha chipo. Yeye husoma mafuta yakishika moto, kurasa mbili, labda tatu kama viazi ni vibichi. Siku moja nilimwambia nitaandika kuhusu kutafuta wakati wa kusoma, akacheka. Akasema wakati hautafutwi, mtu anakuja kukushikia mtoto.

Kwa hivyo wewe wa miaka kumi na tisa uliyefika hapa: una dada, una kasin, una jirani mwenye mtoto mdogo. Jumamosi mchukulie huyo mtoto. Usimuulize mama atafanya nini na huo muda.

Mimi nilimchukua wa rafiki yangu wiki mbili zilizopita, akashinda kwangu na binti yangu wakimwaga unga. Mama yake alipokuja jioni nikamuuliza kitabu amefika wapi. Hakuwa amekifungua. Alikuwa amelala masaa matatu, na alikuwa na sura ya mtu aliyerudi kutoka Mombasa.