KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA



Watu wengi huniuliza kazi ninayofanya hapa Uganda. Nikiwajibu kwamba naandika programu za kompyuta, hudhani kuwa nimetunga kila kitu kwa akili yangu mwenyewe. Sivyo hata kidogo. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuunganisha vipande vilivyotengenezwa na watu nisiowajua.

Mfano mmoja ni OpenMRS, programu ya kutunza habari za wagonjwa. Ilianzishwa mwaka 2004 na Regenstrief Institute na Partners In Health, zote za Marekani, wakati hospitali nyingi za Afrika zilipokuwa zikilemewa na UKIMWI. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, Kenya, kisha Rwinkwavu, Rwanda. Msimbo wake u wazi: kila mtu ana ruhusa kuusoma, kuutumia na kuubadili bila malipo.

Waanzilishi walitambua kuwa hospitali hazifanani. Kwa hiyo walitengeneza kiini chenye mambo ya lazima tu: mgonjwa ni nani, alifika lini, alionekana na nini. Mengine huongezwa kwa moduli, yaani vipande vinavyopachikwa bila kukigusa kiini. Moduli usiyoitaka waiondoa, na kiini chabaki kizima. Ndivyo Uganda ilivyopata UgandaEMR, na Kenya ikapata KenyaEMR, zote juu ya kiini kile kile.

Lakini kutegemeana kuna hatari yake. Mwezi wa Machi 2016 mtu mmoja alikiondoa kipande chake, left-pad, katika ghala la npm. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ni kujaza nafasi kushoto mwa maneno. Mara maelfu ya programu zikashindwa kujengwa. Na wenyewe wengi hawakujua hata kwamba wanakitegemea.

Basi mimi nina kanuni mbili. Kabla sijapachika kipande cha mwenzangu, nakisoma na kuuliza nani anakitunza. Nami nikitoa changu, nakiandikia maelezo yaliyo wazi, maana yuko muuguzi mahali fulani atakayetaka kujua mtoto aliyelazwa alipewa dawa gani jana.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli. Ila ninyi mnaojifunza kazi hii, kila mmoja na ahakikishe kwamba kidole chake ni kizima.