Maziwa Yale ya Kwanza



Mwezi uliopita tulisoma pamoja nanyi sura ya saba ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo. Msichana mmoja akauliza: mama yule, akikaribia kumpoteza mwana wake wa mwisho, mbona anamkumbusha kwamba alimnyonyesha miaka mitatu? Si jambo dogo mno kwa saa ile? Tukajibu upesi kwamba ni mapendo ya mama, tukafunga kwa sala. Jibu halikutosha, tulilijua hilo tukiwa bado njiani kurudi nyumbani.

Kifungua mimba wetu alipozaliwa, tulikuwa tumetoka katika shule ya ualimu karibuni, tukifundisha watoto wa watu somo la usafi na afya. Maziwa ya kwanza yalitoka ya manjano, mazito. Bibi mmoja wa jirani akasema ni uchafu. Mama yake mtoto akayakamua na kuyamwaga chini ya mgomba, nasi tulikuwapo, tukanyamaza. Siku tatu mtoto alinyweshwa maji ya sukari kwa kijiko. Juma la pili akaanza kuhara, macho yakadidimia, hata nguvu ya kulia ikamwisha. Usiku ule tulimbatiza kwa mkono wetu wenyewe, kwa kikombe, kama Kanisa linavyoruhusu katika hatari ya kufa. Kulipokucha tukamkimbiza kwenye kituo cha afya, na Mungu akamrudisha.

Hatuwezi kuapa kwamba maji yale ndiyo yaliyomdhuru. Lakini kile tulichokimwaga, leo tunakijua. Maziwa yale huja siku chache tu, tena kidogo kidogo, maana tumbo la mtoto mchanga nalo ni dogo. Mafuta na sukari yake ni haba, ila yamejaa protini za kinga, hasa ile ambayo waganga huiita IgA, inayotanda juu ya utumbo na kuzuia vijidudu visishike. Yamo pia chembe hai nyeupe, na vitamini A kwa wingi. Na ile rangi tuliyoiita uchafu ni rangi ileile inayopaka karoti!

Maziwa yanayofuata ni maji kwa sehemu kama 87 katika 100. Kwa hiyo hata wakati wa kiangazi mtoto anayenyonya vema hana haja ya kikombe. Yana sukari nyingine ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya: ni chakula cha bakteria wema wanaokaa tumboni mwake. (Muumba hakuwasahau hata wageni hao.) Tena mama akikutana na kijidudu cha nyumbani mwake, mwili wake huunda kinga dhidi yake, na kinga hiyo hupita katika maziwa hadi kwa mtoto.

Shirika la Afya Duniani linahimiza kunyonyesha katika saa ya kwanza, maziwa ya mama matupu hadi miezi 6, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Ile miaka mitatu ya mama wa Wamakabayo, basi, ilikuwa mwili wake mwenyewe uliotolewa siku kwa siku. Yuko mama asiyeweza kunyonyesha, kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine. Huyo asihukumiwe, aongozwe na muuguzi.

Nanyi wavulana, msidhani maneno haya ni ya wasichana peke yao. Siku ile chini ya mgomba, aliyekuwa amesoma ni baba.

Mtoto yule sasa ni mama. Mwaka jana alipojifungua, bibi mwingine, mwenye nia njema kabisa, alifika na kikombe cha maji ya sukari na kijiko. Tulimpokea kwa heshima mlangoni, tukamwomba kile kikombe, tukakinywa sisi wenyewe hadi mwisho.